Tini mbivu haifiki sokoni

Yapo matunda yaliyoumbwa kustahimili gari la mizigo. Chungwa linavumilia gunia, nanasi linavumilia kubwagwa, parachichi linachumwa gumu na kuivia safarini hadi Ulaya. Tini haimo katika kundi hilo. Ukiichuma kabla haijaiva, haitaiva tena. Italainika, itasinyaa, na itabaki na ladha ya majani. Ukiiacha iivie mtini, shingo yake hulegea, tunda likainama, ngozi ikachanika mistari myembamba, na kwenye kitundu cha chini likatokeza tone la utamu. Kuanzia hapo una siku moja, labda mbili. Ndiyo maana tini zisizokaushwa zinazouzwa kwa bei ya kutisha katika maduka makubwa ya Nairobi, Dubai au London huwa zimewahiwa mtini ili ziweze kusafiri, na anayezionja kwa mara ya kwanza hujiuliza kwa nini vitabu vitakatifu viliupa mti huu heshima yote ile.

Naandika kuutetea mti huo. Mtini wa Mediterania, ambao wanasayansi wanauita Ficus carica, unastahili kona moja ya ua katika nyumba nyingi za nyanda zetu za juu na za maeneo yetu makavu, na unaistahili kwa sababu ileile inayowafanya wafanyabiashara waukwepe. Siku hizi mti hausifiwi kwetu bila hesabu. Parachichi limeitwa dhahabu ya kijani, makadamia hutangazwa kwa bei ya kilo, na hata mwenye kiwanja kidogo cha nyumbani huulizwa miche mingapi itaingia na fedha zake zitarudi lini. Sina ugomvi na kilimo cha biashara. Ndicho kinacholipa ada za shule. Ila familia inayopanda kila kitu kwa ajili ya mnunuzi huishia kuwanunulia watoto wake matunda sokoni, tena yale yaliyochaguliwa kwa ugumu wa ganda lake.

Mtini umekaa na binadamu muda mrefu mno. Mwaka 2006 watafiti Mordechai Kislev, Anat Hartmann na Ofer Bar-Yosef walieleza habari za tini tisa ndogo zilizoungua na kuhifadhika katika magofu ya kijiji cha Gilgal, bonde la Mto Yordani, zenye umri wa miaka ipatayo 11,400. Walivyoziona zimekua bila kuchavushwa, walihitimisha kwamba zilitoka kwenye miti iliyopandwa na watu kwa vipandikizi, kabla ya kilimo cha nafaka kushika mizizi. Wapo wataalamu waliopinga tafsiri hiyo, na mjadala wao ni halali. Msomaji wa Kurani anaujua mti huu kwa Surat At-Tin, sura ya 95, inayoanza kwa kiapo cha tini na zeituni. Msomaji wa Biblia anaukuta tangu Edeni, majani yake yaliposhonwa kuwa vazi, hadi kwa nabii Mika, ambaye alipotaka kuonyesha amani inafananaje aliwaketisha watu kila mmoja chini ya mzabibu wake na mtini wake. Mti mmoja, nyumba moja. Mika hakuhesabu ekari.

Kuhusu ugumu wake, mtini hauhitaji wakili. Kuzunguka Mediterania nzima unaota katika nyufa za kuta za kale, juu ya mawe ya chokaa ambako hata nyasi hunyauka, na unapita kiangazi chote bila tone la mvua. Baridi nayo unaijua: mti uliokomaa huhimili hadi nyuzi kumi hivi chini ya sifuri, na hata matawi yakifa, shina huchipuka upya kutoka ardhini. Wahamiaji wa Kiitalia waliovuka bahari kwenda New York walibeba vipandikizi vya kwao, na kwa kuwa majira ya baridi ya Brooklyn ni makali kuliko ya Sicilia, kila mwaka waliyakusanya matawi kwa kamba, wakayaviringishia matambara na karatasi ya lami, kisha wakafunika kilele kwa ndoo iliyopinduliwa ili maji yasiingie. Wengine waliulaza mti mzima katika handaki na kuufukia hadi baridi ipite. Yote hiyo ilikuwa miti ya uani, ya kula wenyewe na kumpa jirani.

Sheffield, mji wa chuma wa Uingereza, una mitini ambayo hakuna aliyeipanda. Mbegu zilipita matumboni mwa wakazi, zikaingia Mto Don pamoja na majitaka, zikatua kingoni. Maji ya mto yalitumika kupozea mitambo ya viwanda, hivyo yakawa na uvuguvugu wa kutosha kuziotesha. Viwanda vingi vilifungwa na mto ukarudia baridi yake ya asili, lakini miti ile imesimama hadi leo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauza miche wengi hawalisemi, pengine kwa sababu hawalijui. Jamii ya mitini ina aina zaidi ya 700 duniani, na sisi tuna zetu, mkuyu ukiwa maarufu kuliko zote. Ndio mti alioupanda Zakayo ili amwone Yesu akipita, na nabii Amosi alijitambulisha kuwa mtunza mikuyu. Kinachoitwa tunda katika miti hii ni mfuko uliojaa mamia ya maua madogo yaliyotazama ndani, kama soksi iliyopinduliwa. Upepo hauwezi kuyafikia, nyuki hawezi kuyafikia. Anayeyafikia ni nyigu mdogo kuliko sisimizi, na kwa kawaida kila aina ya mti ina nyigu wake. Nyigu jike hujipenyeza katika kile kitundu cha chini, mabawa yake hukatika njiani, huacha chavua aliyoibeba kutoka tunda alimozaliwa, kisha hufia humo.

Mikuyu ilipofika Misri ya kale, ikiwa imetoka huku kusini mwa Sahara, nyigu wake hakufuatana nayo. Wamisri hawakuukataa mti. Waliuzidisha kwa vipandikizi, na matunda yake wakayachanja kwa kisu yakiwa machanga ili yaive bila kuchavushwa. Tini za mkuyu zenye makovu ya kisu zimekutwa katika makaburi yao. Kwa mtini wa Mediterania mambo yamegeuka: umeletwa kwetu, na nyigu wake amebaki kaskazini. Nyigu wa mikuyu yetu hataufanyia mtini huo kazi hiyo.

Wamarekani waliligundua hili kwa gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, gazeti moja la San Francisco, Bulletin, liliagiza maelfu ya vipandikizi kutoka Smyrna, ambayo leo ni Izmir nchini Uturuki, na kuwagawia wasomaji wake wa California. Tini kavu za Smyrna zilikuwa na sifa dunia nzima. Miti ikashika, ikanawiri, ikatoa vitunda vidogo kila msimu, na kila msimu vikasinyaa na kuanguka. Watu wakasema Waturuki wamewauzia takataka. Mtaalamu aliyeitwa Gustav Eisen aliwaeleza wakulima kwamba kinachokosekana ni mtini dume na nyigu, nao wakamcheka hadharani, ingawa Aristotle na mwanafunzi wake Theophrastus walikuwa wameandika habari za wadudu hao zaidi ya miaka 2,000 kabla. George Roeding wa Fresno akaamua kupima. Mwaka 1890 alitia chavua kwa mkono katika matunda machache, yakaiva. Mwaka 1899 hatimaye nyigu walioletwa kutoka Algeria walistawi katika shamba lake, na kilimo cha tini za Smyrna kikaanza kweli huko Marekani. Wakulima wa Aydın, bonde la Menderes, ambako Uturuki hadi leo inatoa sehemu kubwa ya tini kavu za dunia, hawakuhitaji kuambiwa. Kila mwanzo wa kiangazi wao hutundika mikufu ya tini dume katika matawi ya miti jike ili nyigu wavuke.

Kisa hiki cha California kinatuhusu moja kwa moja. Tini kavu za Uturuki sasa zinapatikana katika maduka mengi ya mijini kwetu, na zimejaa mbegu zinazoota kirahisi. Mtu hula, huzitia mbegu katika kopo, huona miche imechomoza, akafurahi. Lakini karibu nusu ya miche hiyo ni midume, isiyo na tunda la kuliwa, na katika ile jike mingi inarithi tabia ya Smyrna: bila nyigu, matunda yanapukutika. Miaka minne ya kumwagilia inaishia katika kivuli. Kibaya zaidi, wapo wanaootesha mbegu hizo kwa wingi na kuuza miche kwa jina la mtini halisi wa Mashariki ya Kati. Mnunuzi hana namna ya kujua kwa kutazama majani.

Njia salama ni kipandikizi kutoka mti ambao umeuona ukizaa hapahapa, mbele ya macho yako. Aina kama Brown Turkey, Kadota na Black Mission hujaza matunda yake makuu bila kuchavushwa kabisa, na kipandikizi hurithi tabia ya mama kikamilifu. (Wanaouliza kama tini ina mdudu ndani wanapata jibu lao hapa pia: tunda la aina hizi halijaingiwa na nyigu.) Chukua tawi lililokomaa, unene wa kidole, urefu wa sentimita 20 hadi 30, lenye macho matatu au manne. Acha utomvu ukauke. Zika theluthi mbili yake katika mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini, na usiloweshe. Wengi huua vipandikizi kwa maji kuliko kwa kiu. Mizizi hutoka ndani ya wiki chache, na mti huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu.

Nikiulizwa ni wapi kwetu panapoufaa zaidi, nitataja Dodoma kabla ya pengine popote. Mvua zake ni chache na zina msimu mmoja, jua halina uhaba, na wakulima wake wa zabibu wanajua tayari jambo ambalo mtini unalidai: pogoa, na chipukizi jipya ndilo litakalozaa. Mtini nao hubeba mazao yake makuu kwenye tawi la msimu huohuo. Huku kwetu, ambako hakuna baridi kali ya kuulaza mti, mkasi ndio unaofanya kazi ya majira. Brazili imelithibitisha. Valinhos, katika jimbo la São Paulo, iko karibu kabisa na Tropiki ya Kaprikoni, na imejijengea jina kwa tini kwa karne nzima; wakulima wake hukata matawi kila mwaka hadi kubaki visiki vifupi, na mti huanza upya. Mtu asiyezoea hudhani mti umeuawa.

Hesabu basi kurudi nyuma. Kutoka kupogoa hadi tini ya kwanza kuiva ni kama miezi minne au mitano, kutegemea joto, na unataka ziive mvua zikiwa zimekoma, maana mvua katika tini mbivu huipasua na kuichachisha mtini palepale. Kwa Dodoma hiyo ni kupogoa Februari ili uvune Juni na Julai. Limuru, Lushoto au Mbeya kalenda itakuwa nyingine, na wenyeji wanaijua mvua yao kuliko mimi. Udongo mwekundu wa milimani ukiwa na tindikali, tia chokaa ya kilimo au majivu. Mtini ni mti wa mawe ya chokaa. Samadi itolewe kwa kiasi. Mtunza shamba katika mfano wa Injili ya Luka aliomba mwaka mmoja zaidi achimbe na kutia samadi kuuzunguka mtini usiozaa, na kwa mti uliodhoofu ushauri wake ni sahihi. Lakini ukiona majani mapana ya kijani kibichi na hakuna tunda, mti umeshiba mno.

Pwani mambo ni magumu zaidi na sitaki kumdanganya mtu. Unyevu wa hewa huleta kutu ya majani, ambayo hupukutisha mti mzima kabla matunda hayajakomaa, na mchanga una minyoo fundo inayoshambulia mizizi hadi ivimbe vinundu na mti udumae. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja na bado anautaka, aupande katika pipa kubwa lenye udongo safi wa mboji, mahali penye upepo na jua la kutwa, na asitumie udongo uliowahi kuotesha nyanya au bamia. Vinginevyo mkomamanga utamtendea wema zaidi. Nao ni mgumu, nao umetajwa katika vitabu, na unaivumilia pwani vizuri kuliko mtini.

Mizizi ya mtini ina nguvu na inatafuta maji, kwa hiyo usiupande karibu na shimo la choo, bomba au msingi wa nyumba. Waingereza wana desturi nzuri ya kuchimba shimo la sentimita 60 kila upande, kulizungushia mawe au vigae na kujaza kifusi chini yake. Mizizi iliyobanwa huufanya mti upunguze majani na kuzaa sana, na kwa viwanja vyetu vya mijini hilo ni jambo la kupokea kwa mikono miwili. Utomvu mweupe uogopeni. Ukigusa ngozi kisha jua likaipiga, hubabua na kuacha malengelenge. Vaa glavu na mikono mirefu unapopogoa, na watoto wasichezee matawi mabichi. Shore na popo watazifahamu tini zako kabla yako, na chandarua kikuukuu kinatosha kuwazuia.

Wangari Maathai, katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006, anasimulia juu ya mugumo, mmoja wa mitini ya asili ya Kenya, uliokuwa karibu na nyumba yao Ihithe, Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu, na karibu nao palikuwa na chemchemi. Aliporudi akiwa mtu mzima alikuta mmiliki mpya ameukata kwa sababu ulichukua nafasi ya chai, na maji yamekauka. Mti ule haukuwa na bei, na hilo lilitosha kuwa hukumu yake. Nauona mtazamo uleule mijini tunapofunika ua wote kwa vitofali vya saruji, tukaacha mstari wa miashoki getini kwa ajili ya mapambo, kisha tukalalamika kwamba nyumba ina joto na watoto hawajui tunda lolote linatokaje. Mtini mmoja, uliopogolewa ukabaki kimo cha mtu, hauchukui nafasi kubwa kuliko gari dogo. Unatoa kivuli cha majani mapana, na katika wiki zake za mavuno unawapa wa nyumbani kitu ambacho fedha haiwezi kuwaletea kutoka dukani, kwa sababu hakisafirishiki.

Ninachokiomba ni kidogo. Anayeuza mche wa mtini amtajie mnunuzi jina la aina yake na mti mama ulipo. Akishindwa, asipewe fedha. Vituo vya utafiti wa kilimo vya Tanzania na Kenya vitenge mistari michache ya mitini iliyothibitishwa kuzaa bila nyigu, ili wananchi wapate mahali pa kuchukua vipandikizi wanavyoviamini. Na wewe uliye na mtini unaozaa, unapopogoa msimu ujao usichome matawi. Yakate vipande, uyafunge kwa kamba, uwagawie majirani.